Huyo Farasi Si Mkorofi, Anaumwa Mgongo

Likizo ya Agosti ikifika, mabanda ya farasi ya Karen, Langata na Ngong, upande wa Nairobi, hujaa watoto wenye kofia ngumu, na uzio nao hujaa wazazi wenye maoni. Maoni yenyewe hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Yule mwekundu ni mkorofi. Yule mweupe ni mpole. Kale kadogo ndiko kanamfaa mtoto wangu. Na kabla ya saa nne asubuhi lazima mtu aseme: "Mwalimu, huyu anataka kuonyeshwa nani mkubwa." Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linalomtesa farasi na hatimaye humwangusha mtoto.

"Ana jeuri, mchape kidogo atanyooka"

Farasi anayefunza watoto ana njia chache za kusema kwamba anaumia. Hulaza masikio nyuma mkanda wa tandiko unapokazwa. Humgeukia saisi, yaani mtunzaji wake, kumng'ata. Huanza troti, ule mwendo wa kudundadunda, akaenda hatua tatu akasimama. Hupiga mkia huku na huku na nzi hakuna. Hutupa kichwa juu mtoto akivuta hatamu. Akiambiwa aingie kanta, yaani mbio nyepesi, hurusha miguu ya nyuma. Wazazi huyaita yote hayo tabia. Farasi hutofautiana kwa tabia, hilo halina ubishi, lakini tabia haiji ghafla siku ya Jumanne. Farasi aliyebeba watoto muhula mzima kwa utulivu, kisha akaanza kung'ata, hajageuka roho. Kuna kilichobadilika mwilini, kwenye tandiko, kwenye chakula au kwenye ratiba yake.

Sue Dyson, daktari wa farasi wa Uingereza, pamoja na wenzake waliandaa orodha ya vitendo 24 vya kutazamwa farasi anapopandwa. Farasi anayeonyesha 8 au zaidi kati ya hivyo yaelekea ana maumivu ya misuli, mifupa au viungo. Ukiisoma orodha hiyo utakuta mdomo uliobaki wazi, masikio yaliyolala nyuma, mkia unaochapachapa, kukataa kwenda mbele: yale yale ambayo pale uzioni huitwa ukaidi.

Kwa hiyo fimbo iwekwe chini, farasi akaguliwe.

Anza na mgongo. Msimamishe mahali tambarare bila tandiko. Weka ncha za vidole upande mmoja wa uti wa mgongo, karibu upana wa kiganja kutoka mfupa wenyewe, uzipitishe kutoka mabegani hadi kiunoni ukibonyeza kama mtu anayepima embe kama limeiva. Msuli ukirukaruka, mgongo ukididimia au farasi akiinua kichwa na kusogea, rudia pale pale mara mbili, tatu. Mtekenyo hupungua ukirudiwa, maumivu hayapungui. Kisha nenda upande wa pili, kwa sababu kidonda cha upande mmoja ndicho humfanya farasi aelekee vizuri kulia lakini kushoto akatae kabisa.

Halafu tandiko. Liweke bila kitambaa chini yake, ufunge mkanda. Kati ya tao la mbele na mgongo pabaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu, na mpandaji akishakaa visipungue viwili. Simama nyuma kwa usalama, uchungulie kwenye mfereji wa katikati: mwanga uonekane kutoka mwanzo hadi mwisho. Tandiko lisikalie mfupa wa bega, wala lisipite ubavu wa mwisho. Kosa linaloongoza katika programu za watoto ni tandiko moja la kuzungusha kwa farasi watano, na yule ambaye halimtoshi huongezewa vitambaa. Tandiko linalobana likiongezewa kitambaa linabana zaidi! Akimaliza kazi, tazama jasho. Kipande kikavu katikati ya manyoya yaliyolowa kinaonyesha palipokandamizwa mno. Manyoya meupe yaliyoota penye rangi nyingine, hasa kando ya mabega, ni kovu la miezi au miaka iliyopita.

Mkanda wenyewe ukazwe kwa awamu tatu: kidogo unapoufunga, tena baada ya kumtembeza hatua ishirini hivi, na mara ya mwisho kabla mtoto hajapanda. Saisi mwenye farasi sita wa kutandika na watoto wanaopiga kelele nje hukaza mara moja hadi tundu la mwisho. Baada ya wiki mbili farasi hung'ata akiuona tu mkanda, na lawama humwangukia farasi.

Mdomo nao. Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, hivyo magego huliwa kwa mshazari na kuacha kingo kali: za juu hukata mashavu, za chini hukata ulimi. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, likivutwa, nyama hubanwa kwenye hizo kingo. Meno yakaguliwe na kupigwa tupa mara moja kwa mwaka, na kwa farasi wa chini ya miaka mitano kila miezi sita. Dalili za kuchelewa ni mafundo ya nyasi iliyotafunwa nusu ikaanguka chini, au kichwa kinachoinamishwa upande wakati wa kula.

Nikiwa hapo hapo mdomoni: mtoto anayejifunza hapaswi kujishikilia kwa hatamu. Mvalishe farasi mkanda wa ngozi shingoni, mtoto aushike huo hadi aweze kukaa kwenye troti bila kuyumba. Mkanda huo ni wa bei rahisi na huponya "ukorofi" mwingi kuliko fimbo zote za bandani.

Tumbo ndilo husahaulika. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali, na mate ya kuipunguza nguvu hutoka anapotafuna tu. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku, zigawanywe ili asikae zaidi ya saa nne bila kitu cha kutafuna. Ratiba ya likizo huwa kinyume chake: nafaka nyingi alfajiri "apate nguvu", kisha kazi hadi saa saba. Asidi humwagikia sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga, vidonda vikaanza, na farasi akaanza kukunja uso mkanda unapomgusa. Mpe kilo moja hivi ya nyasi, au lusani (alfalfa) ikiwepo, nusu saa kabla ya kutandikwa. Ile nyasi hukaa juu ya asidi na kuizuia kurukaruka anapokimbia.

Kuhusu kuchapa: farasi huunganisha maumivu na kilichokuwa kikitendeka sekunde ile ile. Fimbo ikichelewa sekunde tatu, anachojifunza ni kwamba kona ile ya uwanja inauma, au mtoto yule anauma. Kinachomfundisha ni kuachiwa. Mguu unabana kidogo, farasi anasogea, mguu unalegea papo hapo. Mtoto anayeendelea kupiga mateke farasi akiwa tayari anatembea anamfunza kuwa mateke hayana maana. Mwezi mmoja baadaye mzazi yule yule anauliza mbona farasi ni mzito.

"Mweupe ni mpole, mwekundu ana moto"

Rangi ni rangi. Wengi wa hao mnaowaita weupe walizaliwa weusi, kahawia au wekundu, na manyoya yao yakafifia mwaka baada ya mwaka. Gusa ngozi ya puani uone ilivyo nyeusi. Kama upole ungekuja na weupe, farasi huyo angebadilika tabia kila anaponyolewa. Twende mbele.

"Poni ni mdogo, kwa hiyo ni wa watoto wadogo"

Poni ni farasi asiyezidi sentimita 148 mabegani. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu subira. Tena poni wadogo ndio mara nyingi hawajafunzwa sawasawa, kwa sababu mwalimu mtu mzima ni mzito kuwapanda na kurekebisha makosa. Wanafunzwa na watoto, yaani wanajifunza kwamba ukichovya kichwa ghafla kwenye nyasi, mtoto huteremka kwa shingo na kazi huisha. Dawa si kumkaripia. Funga kamba mbili nyepesi kutoka pete za lijamu hadi pete za mbele za tandiko, zimwachie uhuru wa kichwa lakini zisimfikishe ardhini.

Uzito nao una hesabu. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 20 ya uzito wa mnyama, tandiko likiwa ndani. Poni wa kilo 200 abebe kilo 40, na tandiko la kilo 6 linaacha kilo 34 za mtoto. Baba asiombe kupanda "dakika moja tu ya picha".

Na poni mnene aliyekuwa kwenye majani mabichi baada ya mvua, kisha leo anasitasita kwenye kokoto, msimwite mvivu. Shika kwato za mbele. Zikiwa na joto, na mshipa wa juu ya kwato ukipiga kwa nguvu, huenda kwato zimevimba ndani. Mtoe kwenye majani, mweke kwenye matandazo laini, mwite daktari siku hiyo hiyo.

"Mpe yule anayesinzia, ndiye salama"

Farasi aliyepumzisha mguu mmoja wa nyuma na mdomo wa chini ukining'inia, lakini sikio likigeuka ukimwita, amepumzika. Yule aliyejiweka pembeni, kichwa chini, hajali nzi wala nyasi, hajapumzika. Pima joto: la kawaida kwa farasi aliyetulia ni takriban nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi. Inua mdomo utazame fizi, ziwe za waridi na zenye unyevu. Zikiwa zimepauka au zina umanjano, kumbuka ugonjwa unaoletwa na kupe, na asipandwe na mtu. "Upole" wa aina hiyo huishia farasi kujikwaa na kupiga magoti mtoto akiwa mgongoni.

"Usiogope, farasi ananusa uoga"

Kuna chembe ya ukweli hapa. Katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2009, mapigo ya moyo ya farasi yalipanda pale mtu aliyewaongoza au kuwapanda alipotarajia mwavuli ungefunguliwa ghafla, ingawa mwavuli wenyewe haukufunguliwa. Lakini kumwambia mtoto wa miaka saba aache kuogopa, tena amtishe kwamba mnyama wa kilo 450 anajua, ni kumwongezea hofu. Farasi husikia ngozini hata nzi akitua. Anachopata kwa mtoto mwenye hofu ni magoti yanayobana, pumzi iliyozuiwa na mwili ulioinama mbele, na kwake kubanwa magoti ni kuambiwa aende. Mwambie mtoto aimbe, wimbo wowote wa darasani. Anayeimba hawezi kuzuia pumzi, na magoti hulegea yenyewe.

"Anampenda mtoto wangu, ona anavyomfuata"

Anafuata karoti. Kulisha kwa mkono ndiko kunakozalisha poni wa kupekua mifuko na kung'ata vidole, kisha huitwa mkorofi na tunarudi pale pale. Karoti ziwekwe ndooni, baada ya kazi, zikiwa zimekatwa kwa urefu; vipande vya mviringo hukwama kooni. Mtoto akitaka kujenga urafiki, apewe brashi na amkune mwanzo wa mgongo, mahali farasi wenyewe hukunana.

"Huyo alikuwa wa mashindano, ni kichaa"

Farasi wengi wa kupanda Nairobi walipita kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kabla ya kufika kwa watoto. Walichofunzwa huko ni kazi nyingine. Joki, yaani mpandaji wa mbio, hurushwa tandikoni farasi akiwa anatembea, kwa hiyo kusimama kando ya kipandio ni jambo geni. Joki hupanda na vikuku vya kukanyagia vilivyofupishwa, kwa hiyo miguu inayoning'inia mbavuni inamshtua. Hatamu zikishikwa kwa nguvu, yeye huzielewa kama msaada wa kukimbilia, na mtoto anayevuta ili asimame hupata kasi. Apewe miezi kadhaa na mpandaji mtu mzima, afunzwe upya kusimama na kulegezewa, ndipo mwalimu aamue. Wapo wanaotulia wakawa bora kuliko poni yeyote, na wapo ambao hawatafaa kwa watoto kamwe.

Tabia halisi ya farasi inaonekana mnapopanga msafara. Kuna wa kutangulia, asiyeshtuka mfuko wa plastiki ukipeperuka kwenye kichaka, na kuna wa kufuata tu, ambaye ukimweka mbele atageuka arudi. Kuna majike wawili wasiovumiliana hata uwanja uwe mkubwa vipi. Ndiyo maana mwalimu hukataa watoto wakiomba kubadilishana nafasi ili marafiki waende pamoja. Kila mtoto abaki nyuma umbali wa kuona visigino vya farasi wa mbele kati ya masikio ya farasi wake. Na utepe mwekundu uliofungwa mkiani si pambo: huyo hurusha mateke kwa anayemkaribia nyuma, kwa hiyo mpitie mbali, na kigari cha mtoto mchanga kisiegeshwe hapo.