HIPAA haimfungi kila mtu mdomo

Ukiishi Marekani, jina HIPAA, yaani sheria ya bima ya afya na siri za mgonjwa, utalisikia kila kona, kuanzia dirisha la mapokezi hospitalini hadi kwenye ubishi wa WhatsApp. Rais Bill Clinton aliitia saini sheria hii Agosti 1996. Mengi yanayosemwa juu yake hayamo ndani yake.

"Bosi akiniuliza naumwa nini, amevunja HIPAA."

Hapana. Inaowafunga ni watoa huduma za afya wanaotuma madai ya malipo kwa mtandao, mashirika ya bima na kampuni zinazowashughulikia kazi hizo. Mwajiri kama mwajiri hayumo. Ukikosa zamu anaweza kukudai cheti cha daktari, na karatasi uliyomkabidhi msimamizi kwa mkono wako inaingia kwenye kumbukumbu za ajira, ambazo HIPAA haizigusi. Akimpigia daktari simu, hapo daktari ndiye anayebanwa: bila idhini yako ya maandishi kwa kawaida hapaswi kumjibu, ingawa mambo ya fidia ya kuumia kazini yana utaratibu wake. Sheria ya watu wenye ulemavu, ADA, ndiyo inayomgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi: taarifa za afya azitunze kwa siri, kwenye faili la peke yake. Mwombe daktari aandike siku za mapumziko tu, ugonjwa asiutaje. Mara nyingi inatosha.

"Nikiacha kazi naondoka na bima yangu."

Hii ndiyo inayowatoboa watu mifuko. HIPAA ilipunguza makali ya bima ya kazi mpya kukataa kulipia ugonjwa uliokuwa nao tangu zamani. Tangu 2014 Obamacare, sheria ya bima ya afya ya Rais Obama, imeufuta mchezo huo kabisa. Kubaki kwenye bima ya kazi ya zamani ni suala la sheria nyingine, COBRA, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, kwa kawaida miezi 18. Ila unalipa na ile sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri, hadi asilimia 102 ya gharama yote. Bili ya kwanza huwa inashtua.

Kabla ya kufika huko, mwenzi wako ana bima kazini kwake? HIPAA inakupa siku 30 tangu bima yako ikatike kuomba uingizwe, bila kungoja msimu wa kujiandikisha. Mtoto akizaliwa ni siku 30 vilevile, na usidhani hospitali imeshamwandikisha.

"Nisiposaini karatasi ya faragha sitatibiwa."

Saini ile inaonyesha umepokea maelezo, basi.

"Nadaiwa na hospitali, kwa hiyo faili langu la matibabu sipewi."

Unapewa nakala, deni au hakuna deni. Wana siku 30, na wanaweza kujiongezea 30 nyingine mara moja tu wakikueleza sababu kwa maandishi.

"Yeyote anayenitafsiria kwa daktari amefungwa na sheria."

Mkalimani wa hospitali, ndiyo. Jirani au mzee wa kanisa uliyekuja naye hafungwi na HIPAA, na akiyatoa nje huna pa kumshtakia kwa sheria hii. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia mkalimani bure. Mwombe pale pale mapokezi, kabla hujaitwa ndani.

"Wakivujisha siri zangu nawapeleka mahakamani kwa HIPAA."

HIPAA haimpi mgonjwa haki ya kufungua kesi, japo sheria za jimbo lako huenda zikakupa. Malalamiko hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Afya, ndani ya siku 180 tangu ulipojua.