Kishingo si kuku mgonjwa

Nikifika Newala, kusini mwa Tanzania, na kusema mimi ni mwanaanthropolojia, nimekuja kwa ajili ya mbegu za asili za kuku, akina mama huniuliza: "Chanjo umeleta?"

Dhana potofu ya kwanza ninayokutana nayo ni kwamba kuku wa kienyeji ni aina moja. Yupo kuchi, mrefu wa miguu na shingo, ambaye vinasaba vyake vinaonyesha undugu na kuku wa mapigano wa Asia ya mashariki. Yupo kishingo, asiye na manyoya shingoni, na wengi humdhani ana ugonjwa wa kunyonyoka. Kumbe amezaliwa hivyo. Akirithi kinasaba cha shingo tupu kwa mzazi mmoja, manyoya ya mwili mzima hupungua kwa takriban asilimia 20. Akikirithi kwa wote wawili, hadi 40. Joto la mwili humtoka upesi. Kwa jua la Lindi, huyo ni wa kutunzwa, si wa kuwahishwa chunguni.

Wengine husema chotara aje, wa zamani waishe. Chotara hukua haraka na hutaga zaidi, sikatai. Lakini mitetea wengi wa Kuroiler, mmoja wa machotara hao, hawaatamii. Kundi likiisha, mfugaji hununua vifaranga upya. Koo wa kienyeji huatamia siku 21, akaangua, akalea.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba kuhifadhi mbegu ni kazi ya maabara peke yake. Mbegu za kiume za jogoo hugandishwa, lakini yai la kuku, kwa ukubwa wa kiini chake, haligandishwi likabaki hai. Njia rahisi ya kumhifadhi jike ni kumtunza bandani. Kwa hiyo nauliza: nani huchagua jogoo wa kubaki? Nani alipewa mtetea amfuge, wagawane vifaranga? Nikimuuliza baba, mara nyingi napata bei. Mama hunitajia kuku alitoka kwa nani, na mama wa kuku huyo alitaga mayai mangapi.

Na eti kuku wa asili hafi? Mdondo, yaani ugonjwa wa Newcastle, humaliza banda zima kwa siku chache, na mbegu adimu ikaenda nalo. Chanjo yake iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko nyingi, ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Ndiyo maana siku hizi siendi Newala bila mchanjaji.