Je, wajua kwa nini modeli ya plastiki ya chombo cha anga hupakwa rangi nyeusi ndani kabla ya kutiwa taa?

Chukua kikombe cheupe cha mtindi, kioshe, kisha usiku ukifunike juu ya tochi ya simu. Kikombe kizima kitawaka kama kandili. Hapo umeshaliona tatizo la kila anayeunga modeli ya chombo cha anga na kutaka madirisha yake yatoe mwanga. Modeli hizo hutengenezwa kwa polistairini, plastiki ambayo hata vikombe vingi vya mtindi hutengenezwa kwayo. Mchana inaonekana nzito, lakini nuru inaipenya.

Ukitia taa hivi hivi, unapata kandili yenye umbo la chombo. Jicho likiona ukuta unang'aa, linajua papo hapo kwamba ukuta huo ni mwembamba kama kadi, wala si bamba la chuma.

Tumchukue Enterprise, chombo cha tamthilia ya Star Trek iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. Katika hadithi kina urefu wa mita 289. Modeli yake ya kipimo cha 1 kwa 350 ina urefu wa sentimita 82 hivi, na baharia wa mita 1.75 angekuwa na milimita 5 tu humo, mfupi kuliko punje ya mchele. Madirisha nayo ni ya milimita chache. Nuru inatakiwa ipite hapo tu, isionekane pengine popote.

Ndiyo maana ndani hupakwa nyeusi, mikono miwili au mitatu, hadi tochi ikiwekwa ndani nje kusionekane kitu. Kisha juu ya nyeusi hupakwa nyeupe au rangi ya fedha. Nyeusi huzuia nuru isitoke ukutani. Nyeupe huirudisha na kuisambaza ndani, hata taa chache zitosheze madirisha mengi. Mimi mara ya kwanza niliona nyeusi ni kupoteza rangi, nikapaka nyeupe peke yake. Nilipowasha, injini yenye taa nyekundu iling'aa kote kama papai bivu.

Ukuta ukishaziba, yanabaki maungio, na hapo kazi inafanana na kukalafati jahazi. Fundi wa jahazi husokomeza pamba yenye mafuta kati ya mbao ili maji yasiingie. Fundi wa modeli hujaza puti na kupaka nyeusi tena ili nuru isitoke. Ufa usiopitisha hata unywele mchana, gizani huonekana kama mstari wa moto.

Umeme wenyewe ni mwepesi. LED nyeupe, yaani kile kitaa kidogo cha kielektroniki, hutaka volti 3 hivi. Ukitumia betri ya volti 9, zinabaki volti 6 za kupunguzwa na resista. Kwa mkondo wa ampea 0.02, gawanya 6 kwa 0.02, upate omu 300. Resista ya omu 330 ndiyo rahisi kupatikana, nayo inafaa. Usipoweka resista, LED inaungua.

Kwa madirisha madogo mno, wengi hutumia nyuzi za plastiki angavu, nyingine nyembamba hadi robo ya milimita. Nuru ikiingia upande mmoja hudundadunda ndani ya uzi hadi itokee upande wa pili, kwa hiyo LED moja huwasha madirisha kadhaa. Usizishike kwa supaglu: nyuzi hukakamaa na kukatika. Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Waya nazo hupitishwa ndani ya nguzo ya kusimamishia modeli. Waliojenga Enterprise ya kupigia picha mwaka 1964, yenye urefu wa mita 3.4, mwanzoni hawakuitia taa kabisa. Zilipowekwa baadaye, waya ziliingilia ubavu wa kushoto, na madirisha ya upande huo hayakuwashwa, basi kamera ikawa inapenda kulia. Leo imo katika jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian, Washington, lililoipokea mwaka 1974, na baada ya ukarabati uliokamilika mwaka 2016 taa zake ni za LED.

Kabla ya kufunga nusu mbili za modeli, zishikize kwa utepe, zima taa za chumba, kaa gizani dakika chache macho yazoee, ndipo uwashe. Zungusha polepole. Kila kitone kinachong'aa pasipo na dirisha, kitie alama kwa penseli, fungua, paka nyeusi, jaribu tena. Mimi hurudia mara nne au tano, maana gundi ikishakauka ndani hakuingiliki tena.