Tofali limekunywa alumini, usikimbilie kusema umeuziwa feki

Siku hizi tunapokea malalamiko mengi kutoka kwa mafundi wa jua kali wanaomimina sufuria, kila mtu anakuja na kipande cha tofali la tanuri kimepasuka, anasema ameuziwa feki. Feki zipo, hatukatai, ila mengi tukiyakata na msumeno hapa maabara tunakuta ule upande uliogusana na alumini umekuwa mweusi kama unene wa kidole, na ndani ya huo weusi kuna vichembe vya metali vinang'aa. Hilo limekunywa alumini.

Kwa kawaida alumini ikiyeyuka, yaani kwenye nyuzi 660, hailoweshi udongo, inajikusanya kama maji juu ya jani la nduma, sababu ina ngozi nyembamba ya oksidi. Ili iingie kwenye kitundu lazima isukumwe, na kitundu kikiwa kidogo inataka nguvu zaidi. Alumini yenye kina cha sentimita 30, kwa uzito wake tu, inaingia kwenye kitundu cha upana kama theluthi ya milimita, chini ya hapo inagoma. Sasa wewe unachukua tofali jepesi lililochanganywa na vumbi la mbao, ambalo likiungua linaacha vitundu vikubwa, la kukaa nyuma kuzuia joto, unaliweka mbele liguse metali!

Ngozi nayo ina mwisho wake. Ukipitisha nyuzi 900 hivi inaanza kushindwa, na makopo ya soda yana magnesiamu inayoiharibu mapema zaidi. Kumimina, 750 inatosha jamani, kukoleza moto ndo unaliua tofali. Ikishalowesha, alumini inanyang'anya silika (ile asili ya mchanga iliyo ndani ya udongo) oksijeni yake na kugeuka korandamu, ule ukoko mgumu mnaougonga na nyundo mpaka ukuta unapasuka.

Tafuta tofali lenye alumina (oksidi ya alumini, sio alumini yenyewe) nyingi na vitundu vidogo, na uliza kama limetiwa madini ya bariti au florspa (ile iliyokuwa ikichimbwa bonde la Kerio), hizo zinapunguza kulowesha. Simenti ya kujengea sio dawa ya ufa, tumeshasema mara ngapi. Mchanga wake ni silika ileile, na maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke yanafura zaidi ya mara 1,600, metali inarukia watu.

Hilo likitokea kuna utaratibu. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kifo kiripotiwe kwa afisa wa usalama kazini wa eneo ndani ya saa 24, halafu taarifa ya maandishi ndani ya siku 7. Mfanyakazi akiumia bila kufa, taarifa ya maandishi pia ndani ya siku 7. Kunyamaza ni kosa, unaweza kushtakiwa, na "ni kijana wa mkono tu, hajaandikwa" haitakusaidia.

Ukileta sampuli, leta tofali zima na ule upande mweusi wake, sio vumbi kwenye mfuko wa unga.