H1 siyo dawa ya Google: wanayoamini wanablogu wa Lubumbashi, na ukweli wenyewe

Ukikaa na vijana wanaoandika blogu hapa Lubumbashi, mazungumzo hayachukui muda kugeukia kile tunachokiita référencement: ufanye nini ili makala yako itokee juu mtu anapotafuta kitu Google. Hapo ndipo inapoingia H1, ile tagi (alama ya msimbo) inayosema kwamba maneno haya ni kichwa cha makala. Mmoja atakuambia, "Yaya, Google inapendaka H1 mingi." Mwingine ataapa kwamba H1 mbili kwenye ukurasa mmoja zinakufungia kabisa. Wa tatu ameshatoa dola zake kwa mtu aliyeahidi kumpangia "balise", yaani tagi, afike ukurasa wa kwanza, na makala bado iko palepale. Kila mmoja amekosea kwa namna yake, na wa tatu ndiye aliyekosea kwa gharama.

Tuanze na kitu chenyewe. Tagi za vichwa ziko sita, kutoka h1 hadi h6, nazo ni za zamani kuliko Google: zilikuwemo tayari katika orodha ya kwanza ya tagi za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, aliyoitoa Tim Berners-Lee mwaka 1991, akiwa CERN, Uswisi. Kazi ya tagi hizi ni kutangaza kwamba maneno haya ni kichwa cha kinachofuata. H1 ni kichwa cha makala nzima, h2 ni cha sehemu kubwa ndani yake, h3 ni cha kipande ndani ya h2, na kuendelea hivyo. Kwenye blogu, h2 na h3 zinatosha kabisa. H6 sijui ni nani anayeihitaji. Kama WordPress yako (mfumo wa kuandikia blogu) ni ya Kifaransa, bloku hiyo inaitwa "Titre", na ukiiweka inaanza moja kwa moja na h2.

"Neno likiwa ndani ya H1, Google inakupandisha"

Hii ndiyo dhana mama, zingine ni watoto wake.

Google husoma vichwa ili ijue ukurasa unahusu nini na kila sehemu inajibu nini. Hilo lina maana, lakini kueleweka na kupandishwa ni mambo mawili. Ikishakuelewa, inabaki kukuweka kando ya kurasa zote zingine zinazozungumzia jambo lilelile, na hapo yanaangaliwa mengi: jibu lako lina uzito gani, tovuti zingine zinaelekeza watu kwako au la, ukurasa unafunguka vizuri kwenye simu au unagoma.

Hata mwanzoni kabisa haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha andiko la kueleza jinsi Google inavyofanya kazi. Humo waligawa maneno ya ukurasa katika makundi mawili. Kundi la heshima lilikuwa na maneno yaliyo kwenye anwani ya ukurasa, kwenye title (jina la ukurasa lililo ndani ya msimbo), kwenye maandishi ya viungo na kwenye tagi za meta (maelezo ya ukurasa ambayo msomaji hayaoni). Mengine yote, ya vichwa yakiwemo, yalihesabiwa kuwa ya kawaida. Kwa hayo walihifadhi mahali neno lilipo, kama lina herufi kubwa, na ukubwa wa maandishi yake. Tena ukubwa huo ulipimwa kwa kulinganisha na maandishi mengine ya ukurasa uleule, ili kurasa zinazofanana zisitofautishwe kwa sababu tu mmoja umeandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Kwa hiyo kukuza kila kitu hakukuwa na faida hata wakati huo.

Chukua mfano wa jikoni kwetu. Unaandika kuhusu kikanda: ile mizizi ya okidi za porini, ikaushwe, itwangwe, ichanganywe na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, ipikwe hadi ishikane, kisha ikatwe vipande. Nimeona makala za aina hii zimepangwa hivi: H1 "Kikanda", h2 "Kikanda Lubumbashi", h2 "Kikanda kizuri", h2 "Kikanda bei", na chini ya kila kichwa mistari miwili isiyoeleza kitu. Mwandishi anadhani amelitaja neno mara nne mahali pa nguvu. Google nayo, katika sera zake dhidi ya barua taka na udanganyifu, inakutaja kurundika maneno namna hiyo kuwa ni kosa.

Sasa vichwa vingine vya makala hiyohiyo: "Mizizi ya kikanda inapatikana msimu gani", "Karanga kiasi gani kwa kikombe cha unga wa mizizi", "Kwa nini kikanda changu hakishikani". Hicho cha mwisho ndicho ninachokipenda zaidi. Mtu amesimama mbele ya sufuria, mkono mmoja una mwiko na mwingine una simu, anaandika kitu kinachokaribiana sana na maneno hayo. Kichwa kimemwita kwa shida yake. Lakini kama chini yake umemwandikia tu "fuata vipimo vizuri", ataondoka, na hakuna tagi itakayomrudisha.

"H1 ni moja tu, ukizidisha unaadhibiwa"

Mwaka 2019 John Mueller wa Google alilijibu swali hili kwenye video, na jibu lake lilikuwa wazi: ukurasa unaweza kuwa na H1 tano au usiwe nayo hata moja, na bado ukaonekana vizuri kwenye matokeo. Hakuna adhabu.

Sheria hii ya "moja tu" ina historia yake. HTML5, toleo jipya la HTML, ilipokuja, iliruhusu kila sehemu ya ukurasa iwe na h1 yake, kwa matumaini kwamba vivinjari vitajipangia vyenyewe ngazi za vichwa. Vivinjari havikufanya hivyo, na mwaka 2022 utaratibu huo ukaondolewa kwenye kiwango cha HTML. Ndiyo maana bado ninashauri H1 moja. Inaeleweka kwa urahisi, na zana za Bing (mtambo mwingine wa kutafuta) kwa wenye tovuti hutoa onyo zikikuta zaidi ya moja. Ila kumlipa mtu akuondolee H1 ya pili kana kwamba nyumba inaungua, hapana.

Mara nyingi H1 ya pili inaingia bila mtu kujua. Kile kichwa unachokiandika kwenye kisanduku cha juu cha WordPress, violezo vingi hukigeuza kuwa H1. Kisha mwandishi anakirudia ndani ya makala kwa mkono, kwa H1 nyingine, msomaji anasoma kichwa kilekile mara mbili kwenye skrini ndogo ya simu. Kwenye violezo vya zamani vya Blogger mambo ni ya kuchekesha zaidi: kichwa cha makala kilikuwa h3, wakati vile visanduku vya pembeni vyenye kumbukumbu za miezi vilikuwa h2. Kwa hiyo orodha ya miezi ilikuwa na cheo kuliko makala! Na blogu hizo zilipata wasomaji wengi tu.

Na usichanganye H1 na title. Title haionekani ndani ya makala. Inakaa sehemu ya juu ya msimbo, na ndiyo kwa kawaida Google inayoionyesha kama mstari wa kubofya kwenye matokeo. Mwezi wa nane 2021 Google ilieleza kwamba title ikiwa ndefu kupita kiasi, au ikiwa ileile kwenye kurasa zote, inaweza kuchukua maneno mengine ya ukurasa, hasa ya vichwa. Kwa hiyo kama title yako inasema "Accueil", yaani Mwanzo, kila mahali, shukuru kama una H1 nzuri ya kukuokoa.

"Ukiruka kutoka h2 hadi h4, Google inakushusha"

Haishushi. Mwongozo wa Google wenyewe kwa wanaoanza unasema kwamba kwa upande wa utafutaji, mpangilio wa ngazi hauna shida, na pia kwamba hakuna idadi maalum ya vichwa ambayo ukurasa unatakiwa kuwa nayo.

Lakini sentensi hiyohiyo ya mwongozo inasema mpangilio mzuri unawafaa sana wanaotumia programu za kusoma skrini, na hapo mimi ni mkali. Mtu asiyeona hapitishi macho juu ya ukurasa kama wewe. Akiwa na NVDA, programu ya bure ya kompyuta, anabonyeza herufi H anaruka hadi kichwa kinachofuata. Akibonyeza 2 anaruka hadi h2 inayofuata. TalkBack, ambayo imo kwenye simu nyingi za Android, nayo inaweza kumpeleka kichwa kwa kichwa. Shirika la WebAIM la Marekani limekuwa likiwauliza watumiaji wa programu hizi kwa miaka, na zaidi ya theluthi mbili yao hujibu kwamba njia yao ya kwanza ya kutafuta habari kwenye ukurasa mrefu ni vichwa. Ukiweka h4 kwa sababu tu ukubwa wake unakupendeza, huyo ndiye unayempotezea njia.

"Maandishi makubwa meusi tayari ni kichwa"

Kwa jicho, ndiyo. Kwa mashine, ile ni aya yenye wino mzito. Kuna na kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: namba ya simu ya WhatsApp ndani ya H1, au "KARIBUNI SANA" ndani ya h2, kwa kuwa mwenye blogu alitaka tu herufi kubwa. Ukubwa ni kazi ya CSS, msimbo wa kupamba ukurasa.

Halafu kuna affiche, yaani bango. Tunapenda affiche: kichwa chote cha makala kinatengenezwa Canva, programu ya kuchora mabango, kwa rangi za timu yetu ya Mazembe, kinapandishwa kama picha. Ni nzuri kutazama, ila maneno yaliyo ndani ya picha hayafanyi kazi ya maandishi, na maelezo mbadala ya picha watu hawayajazi. Zaidi ya hapo picha inakula mega za msomaji kabla hajasoma neno moja. Na yule anayeficha H1 yenye maneno meupe juu ya karatasi nyeupe ajue kwamba maandishi yaliyofichwa kwa nia ya kudanganya nayo yamo kwenye orodha ya makosa ya Google.

Ukitaka kujua blogu yako ina nini hasa, fungua Chrome, andika view-source: mbele ya anwani ya makala, kisha tafuta h1, na h2 baada yake. Dakika mbili zinatosha, na hakuna wa kulipwa.

"Vichwa kwa Kifaransa, habari kwa Kiswahili: nitapata wasomaji pande zote"

Hili ni letu kabisa. Lubumbashi mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kifaransa, na hakuna anayegeuka kumtazama. Kwa hiyo mwanablogu anaandika makala kwa Kiswahili kuhusu bei ya unga mpakani, halafu vichwa vyote anaviweka "Prix de la farine à Kasumbalesa", "Transport et douane", akitumaini kuwavua wa lugha zote mbili.

Google inatambua lugha ya ukurasa kwa kusoma maandishi yanayoonekana. Haitegemei tagi ya lugha kwenye msimbo wala anwani ya ukurasa. Na ushauri wake ni kwamba ukurasa mmoja ushike lugha moja, pamoja na menyu yake. Ukichanganya nusu kwa nusu, unaifanya isite ukurasa huu ni wa nani: mtu wa Kifaransa akibofya anakutana na Kiswahili anarudi, na mtu wa Kiswahili hakuoni.

Simaanishi ujisafishe kila neno la kigeni. Kama watu wenyewe wanaandika "transport Kasumbalesa", basi "transport" ikae kwenye kichwa chako cha Kiswahili bila aibu. Ukilazimisha "usafirishaji" utakuwa unamwandikia mwalimu wako wa zamani. Kinachoharibu ni kuhamisha lugha nzima kati ya kichwa na habari yake. Unataka wasomaji wa lugha mbili? Andika kurasa mbili, kisha tagi ya hreflang iieleze Google kwamba hizo ni ndugu.

"Taa imekuwa kijani, kazi imekwisha"

Yoast ni programu ya kuongeza kwenye WordPress inayokagua makala na kuwasha taa ya kijani ikiridhika, lakini taa ya Yoast ni ya Yoast. Inakukumbusha mambo mazuri, kwa mfano inalalamika maandishi yakizidi maneno 300 bila kichwa kidogo, lakini Google haiioni taa hiyo. Na kama bado kuna mtu anakujazia tagi ya meta ya keywords na kukutoza kwa kazi hiyo, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

"Nimerekebisha vichwa juzi, mbona sioni kitu?"

Google yenyewe inasema mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache, mengine baada ya miezi kadhaa. Kubadilisha vichwa kila siku mbili kwa kuwa hakuna kilichotokea ni kujichosha, tena hutajua ni badiliko lipi lililosaidia.

Wakati unasubiri, ingia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ni ya bure, na inakuhifadhia data ya miezi 16. Fungua orodha ya maneno ambayo watu waliyatafuta hadi ukurasa wako ukawatokea. Tafuta yale yenye kuonekana mara nyingi na kubofywa mara chache. Huenda ukakuta watu wanauliza kama kikanda kinaweza kukaa siku ngapi bila friji umeme ukikatika, wakati makala yako haikugusa jambo hilo. Basi hiyo ndiyo h2 yako inayofuata, kwa maneno yao hayohayo, na chini yake aya mbili za mtu anayejua.