Mkaa wa vifuu haunasi kila rangi

Wanafunzi wengi wanaoniletea kazi zao za kusafisha maji ya rangi hutumia methilini bluu, rangi ya buluu ya maabara. Nawaelewa: bei yake ni nafuu, na spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaonyonywa na rangi, huipima bila taabu kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 664. Unatia unga wa mkaa wa vifuu vya nazi, unatikisa chupa, unachuja, maji yanatoka meupe. Lakini hiyo ni rangi inayonaswa kirahisi mno. Molekuli yake ni ndogo na ina chaji chanya, na uso wa mkaa kwenye maji yenye alkali huwa na chaji hasi. Lazima vivutane.

Rangi riaktivu, yaani zinazojifunga na uzi kikemikali na zinazotumika sana viwandani kutia rangi pamba, ni wakorofi. Sehemu yake haishiki uzi, huondoka na maji ya kusuuzia ikiwa na chaji hasi, na maji yenyewe yamejaa magadi, ambayo ni alkali. Hasi kwa hasi husukumana. Ukitia tindikali, pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ikashuka vya kutosha, uso wa mkaa hugeuka chanya, rangi ikaanza kunata.

Halafu kuna suala la ukubwa. Gramu 1 ya mkaa ulioamilishwa kwa mvuke, yaani uliotobolewa vitundu vingi kwa mvuke wa moto, inaweza kuwa na eneo la mita za mraba 1,000, ila karibu lote limo ndani ya vitundu. Kwenye mkaa wa vifuu, vingi havifiki nanomita 2 kwa upana, hivyo molekuli kubwa hukwama mlangoni kama kabati kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Mbao zikilowekwa kwenye asidi ya fosforiki kabla ya kuchomwa hutoa mkaa wenye vitundu vipana zaidi. Kwa rangi riaktivu ningeanza na huo, hata kama vifuu napewa bure.

Mafundi batiki wanaotumia kostiki (alkali kali) na haidrosalfaiti (kemikali inayoyeyusha rangi yao kwa kuiondolea oksijeni) wasikimbilie mkaa kwanza. Rangi yao ikipata hewa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Ndiyo maana kitambaa kinapoanikwa hubadilika rangi ukikitazama. Maji yakae kwenye pipa la wazi, yakorogwe, yatulie. Kostiki ikishapunguzwa makali, shabu itakusanya chembe zinazoelea.

Na mkaa ulioshiba usimwagwe mtoni. Rangi imehama tu, haijaharibika, na maji yenye alkali yanaweza kuing'oa tena.