Kwa nini pweza wa chini ya nusu kilo haruhusiwi

Kila tukipita Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kutoa elimu ya vipimo vya pweza, swali ni lile lile: "Si watazaa tena mwezi ujao?" Hapana. Pweza jike hutaga msimu mmoja tu maishani mwake, kisha anakufa.

Saa ya kutaga hupangwa na tezi mbili, ndogo mno, zilizokaa nyuma ya macho, kando ya ubongo. Kwa pweza mchanga tezi hizo zimepauka. Ubongo umezibana kwa mshipa wa fahamu ambao kazi yake ni kuzizuia. Mwaka 1959 Martin na Joyce Wells, watafiti Waingereza, walionyesha kwamba kizuizi hicho kikikatwa tezi huvimba, na mfuko wa mayai hukomaa kabla ya wakati. Basi kinachoamua wakati wa kutaga ni homoni, yaani kemikali zinazotolewa na tezi hizo, si bamvua.

Tezi hizohizo ndizo zinazomkatisha hamu ya kula akishataga. Hutundika vishada vya mayai, laki kadhaa, kila yai mfano wa punje ya mchele, kwenye dari la shimo lake. Kwa takriban mwezi huyapulizia maji na kuyasafisha, huku akikonda. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky, Mmarekani, aliwatoa tezi majike waliokwishataga: wakayatelekeza mayai, wakarudi kula, wakaishi zaidi. Basi yule mnayemwita "mgonjwa", asiyetoka hata akichokozwa kwa nondo, ni mama aliye kazini. Tumelisema hili mara ngapi? Ukimchomoa, mayai yote yamekwenda, na nyama yenyewe imeshachakaa.

Wa chini ya gramu 500, kwa kawaida tezi bado zimelala, yaani hajataga hata mara moja. Ndiyo maana Kanuni za Uvuvi za 2009, zilizo chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, zinamkataza. Mpime mmoja mmoja, si kwa fungu; wanne wenye kilo mbili kwa jumla hawathibitishi chochote. Mpime kabla hajatumbuliwa. Hakikisha mizani inaanza sifuri, ndoo ikiwa imeshatolewa hesabuni. Anayekutwa na wadogo anaweza kunyang'anywa mzigo na kufikishwa mahakamani, na "nimeuziwa hivihivi" si utetezi tunaoupokea. Aliyenaswa hai akiwa chini ya uzito huo, arudishwe mwambani papo hapo, si kukaa kwenye ndoo mpaka maji yajae.